Gari Lililokuja Lisifike

Pikapu ilikuwa bado imevaa nguo za harusi. Kitambaa cha odelela, chekundu chenye mistari, kilikuwa kimefungwa mbele kutoka taa ya kushoto hadi ya kulia na kushuka mpaka kufunika bamba la namba. Bendera mbili nyeupe zililala juu ya paa kwa kukosa upepo. Nyuma, viti vya plastiki vya kanisa vilikuwa vimepangwa juu kwa juu na kukazwa kwa kamba, na mbwa wa kituo cha polisi alikuwa ameshakojolea gurudumu.

Inspekta Ndahafa Iipinge aliizunguka tena. Akapiga magoti, akainua kitambaa, akaitazama taa ya kushoto. Ilikuwa imepasuka. Ndani ya mpasuko mlikuwa na utando wa buibui, na buibui mwenyewe alikuwamo, mnene, mwenye afya njema.

"Unatafuta nini, meme?" aliuliza Fillemon Nakale, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani. Alikuwa amesimama kando, pingu mikononi, viatu vyake havina kamba.

"Sijui. Nikikiona nitakwambia."

"Taa hiyo ilivunjika tangu mwaka jana. Mbuzi."

"Mbuzi aliivunja?"

"Mbuzi wa mchungaji. Kwa hiyo sikudai."

Ndahafa alimtazama buibui. Je, buibui anaweza kujenga nyumba kamili tangu Jumamosi? Labda anaweza. Alijaribu kujifikiria akimweleza hakimu habari za buibui, akaachia kitambaa.

Mambo yenyewe, ukiyasimulia haraka, yalionekana hayana utata. Jumamosi asubuhi Bibi Saima Nuuyoma alikuwa ukingoni mwa barabara kuu, kusini mwa mji wa Onamwandi, na kapu lake la samaki aliowavua kwenye maji ya mafuriko. Gari likamgonga na kumwacha hapo. Sasa alikuwa hospitali, hajafumbua macho. Asubuhi hiyohiyo, mahali barabara inapoingia mjini, Konstebo Rauna Amutenya wa kikosi cha trafiki alikuwa amesimama na tochi ya leza, ile inayotuma mwali usioonekana na kurudi na mwendo wa gari likiwa bado mbali, dogo kama mdudu. Tochi ikasema mia na arobaini na sita. Gari lililomfikia likawa pikapu ya harusi, Fillemon kwenye usukani, taa moja mbovu. Kisha akaja Diakoni Immanuel Shaanika, mwenye duka la mabati na saruji, akiwa na bibi amelazwa kiti cha nyuma. Yeye ndiye aliyemwokota na kumfikisha hospitali. Akaandikisha maelezo kwamba alikuwa anatoka kusini kwa ng'ombe wake, na mbele yake aliiona pikapu yenye bendera ikikimbia kama imeibwa.

Saa nane mchana hakimu angemsomea Fillemon mashtaka. Baada ya hapo ni mahabusu, na kesi za barabarani katika mkoa ule zilikuwa zinangoja hadi mtu anasahau sura ya mama yake. Mkuu wa kituo alishasaini. Kilichobaki ni Ndahafa kusaini chini yake, na kalamu ilikuwa imekataa.

Ilikataa kwa sababu ya kapu. Pikapu ilikuwa inakwenda kaskazini, kuelekea mjini. Lakini kapu, samaki, kiatu kimoja cha bibi na vipande vya kioo cha taa vyote vilikutwa vimerushwa kusini, na tena upande wa mashariki wa barabara, wakati Fillemon alipaswa kuwa upande wa magharibi.

"Mbwa wamevuta kapu," mkuu wa kituo alikuwa amesema.

"Na kiatu, afande?"

"Mbwa wanapenda viatu."

"Na vioo?"

Hapo mkuu alikuwa ameangalia saa.

Ndahafa alisimama, akapangusa magoti. "Fillemon, Jumamosi ulimwona bibi?"

"Nimeshasema mara ngapi? Nilimpita akiwa mzima. Alipoona bendera akanipigia vigelegele. Nami nikampigia honi. Meme, mtu unayetaka kumgonga unampigia honi ya harusi?"

"Mtu hataki kumgonga mtu. Ndiyo maana inaitwa ajali." Alinyoosha mkono kwa askari wa zamu. "Nipe funguo za pikapu. Na za pingu."

*

Rauna aliwakuta wakimngoja palepale alipokuwa Jumamosi, kando ya kibao cha kuwakaribisha watu mjini. Alikuwa msichana mrefu, mwenye sare iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali. Alishuka garini na tochi kwenye begi lake, ameikumbatia kama mtoto mchanga.

"Afande, nasikia mnasema tochi yangu imedanganya."

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Kituo kizima kinasema. Wanauliza kama nimepewa kitu kidogo." Alikaza mkanda wa begi. "Tochi haina mjomba wala shangazi. Inasema ilichokiona."

"Basi tuiulize mbele ya watu. Ifanyie ukaguzi wa asubuhi, kama kila siku."

Rauna aliweka jicho kwenye darubini ndogo ya tochi, akalenga nguzo nyeupe iliyosimikwa kwa kazi hiyo. Umbali wake ulijulikana. Tochi ikataja umbali huohuo, na mwendo sifuri. Akalenga tena, akapata yaleyale. Akampa Ndahafa, naye akapata yaleyale.

"Nzima," alisema Ndahafa.

"Nilikwambia."

"Nirudishie kipimo cha Jumamosi. Kimo bado kwenye kumbukumbu?"

Rauna alibonyeza mara kadhaa. Kwenye kioo kidogo vikatokea kistari, namba 146, na chini yake, kwa herufi ndogo, 547.

"Hii ya chini ni nini?"

"Mita. Umbali wa gari. Huwa hatuiandiki, watu wanalipia mwendo tu."

"Na hiki kistari?"

"Ah, hicho ndivyo inavyoandika. Tochi ya zamani ilikuwa inaweka vistari kila mahali, tukazoea."

Ndahafa aliitikia kwa kichwa, kwa sababu akili yake ilikuwa imeshakwama kwenye mita. "Ulimpiga tochi akiwa wapi?"

"Kwenye kibao cha ng'ombe." Rauna alionyesha mbali, barabara iliponyooka juu ya tuta, maji ya mafuriko yakimeremeta pande zote mbili. "Huwa napiga palepale. Gari likifika kibaoni nabonyeza. Nimefundishwa hivyo, usichaguechague."

"Pima kibao."

Rauna alipima. Tochi ikasema mita mia nne na themanini.

Walitazamana. Fillemon, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya pikapu akisugua vifundo vya mikono yake, akawatazama wote wawili.

"Ni nini?" aliuliza. "Nzuri au mbaya?"

"Sijui," alisema Ndahafa. "Ingia kwenye gari. Kaa upande wa abiria."

*

Aliendesha pikapu hadi mbali kusini, akageuza, akakanyaga mafuta hadi mwisho. Injini ililia. Viti nyuma vikaanza kugongana. Mshale wa mwendo ulikuwa umelala kwenye sifuri, umekufa siku nyingi.

"Kanyaga, meme," alisema Fillemon, ameshika dashibodi. "Ukipita mia nakupa ng'ombe."

"Nimekanyaga. Mguu umefika barabarani."

"Ndiyo hivyo sasa. Hii ikipewa kilima inaomba radhi."

Redio ya mkononi ilikoroma mapajani mwake. Sauti ya Rauna: "Nawaona. Mmefika kibaoni. Nabonyeza." Kimya. "Haijibu." Kimya tena. "Haijibu, afande. Haijibu." Kibao cha ng'ombe kilikuwa kimeshabaki nyuma sana ndipo Rauna aliposema, kwa sauti ya mtu aliyekuta mlango wake umefunguliwa: "Tisini na moja. Mita mia mbili na kumi."

Walirudia. Safari ya pili ilikuwa tisini na tatu, na tochi haikujibu hadi pikapu ilipokaribia. Mara ya tatu Ndahafa alisimama, akafungua kitambaa cha odelela, akakikunja na kukiweka juu ya viti. Bamba la njano la namba likang'aa juani. Safari hii tochi ilijibu kibaoni hapohapo.

Rauna alikuwa amekaa chini kwenye majani aliposhuka Ndahafa.

"Sielewi," alisema. "Mwali unahitaji kitu cha kuurudisha. Bamba, taa, kitu kinachong'aa. Kitambaa kinaumeza. Lakini Jumamosi kitambaa kilikuwapo. Na ilinijibu."

"Ilikujibu. Lakini si pikapu iliyokujibu."

"Nilimlenga yeye!"

"Ulimlenga. Mkono wako unatetemeka kiasi gani?"

"Hautetemeki."

"Nyoosha."

Rauna alinyoosha. Ulikuwa unatetemeka, kidogo tu, kama mkono wa mtu yeyote.

"Mtetemo huo hapa si kitu," alisema Ndahafa. "Kule kibaoni unahamisha doa la mwali kutoka njia moja ya barabara hadi nyingine. Pikapu haikujibu, tochi ikaendelea kungoja, doa likahama, likapata kitu chenye bamba linalong'aa. Mita sitini na saba nyuma ya pikapu. Kitu hicho kilikuwa kinakwenda mia na arobaini na sita."

Fillemon alisimama. "Nyuma yangu hakukuwa na gari."

"Una uhakika?"

"Nilikuwa na viti vya kanisa, meme. Kioo changu cha katikati kilikuwa kinanionyesha viti tu. Lakini gari la mwendo huo lingenipita. Lingenipita kabla sijamaliza kusema 'lile pale'."

Hilo lilikuwa kweli. Ndahafa alihesabu kichwani. Gari lenye mwendo ule, mita chache nyuma ya pikapu inayojikokota, lingeipita na kufika kwa Rauna la kwanza.

"Rauna. Baada ya pikapu, gari gani lilikuja?"

"Hakuna gari jingine lililokuja. Hadi tate Immanuel, yule mzee diakoni, alipofika na bibi, na hiyo ilikuwa baadaye kabisa. Nilishamwandikia huyu, nilishagombana naye, nilishakunywa maji."

"Kabla ya pikapu?"

"Kabla lilikuja basi la shule, polepole. Basi."

"Labda liligeuza."

"Labda."

"Labda liliingia njia ya pembeni."

Rauna alionyesha kwa mkono wazi. Hapakuwa na njia ya pembeni. Kutoka kibao cha ng'ombe hadi miguuni mwao barabara ilikuwa tuta tupu, maji kulia, maji kushoto, wanawake wawili wamezama hadi viunoni wakisukuma makapu yao ya kuvulia. Gari lisingeweza kutoka pale bila kuogelea. Lingesimama ghafla na kugeuza, wote wawili, Rauna na Fillemon, wangesikia matairi yakipiga kelele.

Ndahafa alikwenda na kurudi kando ya lami. Gari lilikuja, lisifike. Alitengua mawazo yake, akayapanga upya, yakamletea kitu kilekile. Akajiuliza kama Rauna anadanganya, akamtazama yule msichana akifuta kioo cha tochi kwa pindo la sare, akaona kwamba hapana. Akajiuliza kama Fillemon anadanganya. Lakini Fillemon hakuwa na faida yoyote kusema nyuma yake hakukuwa na gari. Mtu mwenye hila angelidaka gari hilo kwa mikono miwili.

"Meme," alisema Fillemon taratibu, "saa ngapi sasa?"

"Bado tuna muda."

"Ndivyo wanavyosema kila nikiwauliza."

"Nipe tochi," Ndahafa alimwambia Rauna.

Hakuwa na mpango. Alitaka tu kuona kile Rauna alichokiona. Akaweka jicho kwenye darubini, barabara ikamjia karibu, na kibao, na mvuke wa joto ukicheza juu ya lami. Nyuma yake basi dogo la abiria lilitoka mjini, likampita likipiga honi kwa utani, dereva akiwa amechomoza kiwiko nje. Likaingia ndani ya darubini, kitako chake kikawa kinapungua. Kidole cha Ndahafa kikabonyeza.

Tochi ililia. Kwenye kioo kukatokea kistari, kisha 88.

Alitoa jicho. "Rauna. Njoo uone hiki."

"Themanini na nane. Anajitahidi leo, yule."

"Mbele ya themanini na nane kuna nini?"

"Kistari."

"Piga gari linalokuja."

Lori la maziwa lilikuwa linakuja. Rauna alilipiga. Sabini na mbili. Hakuna kistari. Wakangoja. Ikaja teksi: tisini na tisa, hakuna kistari. Ikatoka teksi nyingine mjini, ikawapita. Rauna aliipiga kisogoni. Kistari. Sabini na tano.

"Si kistari," alisema Ndahafa. "Ni alama ya kutoa. Inalinganisha umbali, pigo baada ya pigo. Umbali ukipungua, gari linakuja. Umbali ukiongezeka, linakwenda, nayo inaweka kutoa."

"Hatujawahi kupiga yanayokwenda," Rauna alisema. "Yanayotoka mjini ni ya wenzetu wa kituo cha mbele. Tuliambiwa tusiyaguse, ilishazuka ugomvi. Kwa hiyo hatuyaangalii, afande. Siyo kwamba tunaangalia tunanyamaza. Hatuyaangalii."

"Gari la Jumamosi halikuwa nyuma ya pikapu likija. Lilikuwa limepishana na pikapu, linakwenda. Kusini. Upande wa mashariki wa barabara." Ndahafa aliliona kapu sasa, likiruka kuelekea kulekule gari lilikokuwa linaelekea. "Bibi alikuwa huko mbele, amesimama. Fillemon alikuwa ameshampita."

Fillemon alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Nilikuuliza vibaya," Ndahafa alimwambia Rauna. "Nilikuuliza lililokuja, ukanijibu la kweli. Sasa nakuuliza. Asubuhi ile, pikapu ikiwa inakaribia kibaoni, gari gani lilikwenda?"

Rauna alifikiri. Macho yake yalitulia kwenye lami, mahali ambapo gari lingepita, karibu sana naye.

"Lilinipita likiwa limeshachanganya mwendo. Nililiona kwa pembeni, kwa sababu alinipigia honi na kunipungia mkono. Kila mara hunipungia." Alisita. "Lakini haiwezekani, afande. Yule ndiye aliyemwokota."

"Nani?"

"Tate Immanuel."

*

Diakoni Immanuel Shaanika alikuwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake. Karibu naye kulikuwa na chupa ya oshikundu, kinywaji cha uwele, na leso mpya ya kichwa, bado imo kwenye karatasi. Wauguzi walimweleza Ndahafa kwamba tate hajakosa hata siku moja. Bibi Saima hakuwa na mtoto mjini, wala mjukuu.

"Karibu, Inspekta," alisema, akasogea kumpa nafasi. "Bado hajaamka. Lakini leo daktari amesema anapumua vizuri."

"Namshukuru Mungu. Tate, nataka kukamilisha maelezo yako. Jumamosi ulikuwa unatoka kusini."

"Kwa ng'ombe wangu, ndiyo."

"Na huko kusini ulikuwa umefika lini?"

Mzee alinyoosha karatasi ya leso juu ya goti. "Ijumaa. Ijumaa jioni."

"Ukalala huko."

"Nikalala."

"Konstebo Rauna anasema Jumamosi asubuhi ulimpungia mkono. Ukitoka mjini."

Muuguzi alipita na ndoo. Diakoni alimsalimu, akamuuliza habari za mama yake, akangoja jibu hadi mwisho. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umezeeka.

"Huenda amekosea siku," alisema.

"Huenda. Tochi yake haijakosea. Gari lako liko wapi?"

"Nyumbani."

"Wazi?"

"Chini ya turubai."

"Tate, kuna vioo vya taa kwenye bahasha kituoni. Nikilifunua turubai nikavipachika, vitaingia?"

Diakoni alitazama mlango wa wodi.

"Walinipigia simu kwamba maji yamezingira zizi," alisema. "Ng'ombe walikuwa wanalia kwenye simu, niliwasikia. Niliona bendera za harusi zinakuja, nikasema moyoni, Mungu awabariki. Macho yangu yalizifuata zile bendera. Niliporudisha macho mbele, alikuwa pale. Alikuwa ameteremka barabarani kidogo, ameinua mikono, anashangilia."

Ndahafa aliketi benchi, mahali alipomsogezea.

"Nilisimama, Inspekta. Mbele kidogo, lakini nilisimama. Nikarudi. Nilimbeba kwa mikono hii. Uliandike hilo."

"Nitaliandika."

"Uliandike kwanza."

"Nitaliandika mahali pake, tate. Baada ya bibi kugongwa, kabla ya maelezo yako kuhusu pikapu."

"Sikusema kijana ndiye aliyemgonga. Nilisema alikuwa anakimbia. Mengine polisi wenyewe mliyajazia."

"Tuliyajazia," alikubali Ndahafa. "Kwa wino wako. Yule kijana amelala sakafuni tangu Jumamosi, na saa nane anakwenda mahabusu. Ulikuwa unakuja hapa kila siku. Kituo kiko ng'ambo ya barabara."

Diakoni aliiinua chupa ya oshikundu, akaitikisa, akaona haina kazi mkononi mwake, akaiweka.

"Kila siku nilisema kesho nitavuka," alisema. "Nilijiambia akiamka, yeye mwenyewe atasema, na mimi nitakubali. Nilitaka anisamehe kwanza yeye, kabla ya ninyi. Ukinichukua, nani atakaa hapa?"

Ndahafa aliona lilikuwa swali la kweli. Alitamani mtu angekuwa mbaya kabisa au mwema kabisa, ili kazi iwe rahisi. Akasimama.

"Twende tuvuke, tate. Nitakushika mkono kama miguu haina nguvu."

Diakoni alitoa funguo za gari, akampa bila kuombwa. Leso aliiacha kwenye benchi. Muuguzi aliyekuwa akipita aliiokota, akamtazama Ndahafa, akaingia nayo wodini.

*

Mwendesha mashtaka alisoma maelezo mapya akiwa amesimama, akauliza maswali mawili, akasaini karatasi na kuirudisha bila kumtazama mtu. Jina la Fillemon Nakale halikuitwa. Walimwita karani, karani akamwita askari, na askari akaja na mfuko wa plastiki: mkanda, simu iliyozima, kamba za viatu.

Fillemon aliupokea mfuko akabaki amesimama ukumbini, akimwangalia kila aliyepita kana kwamba mmoja wao atamrudisha ndani.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Kwa upande wako imekwisha," alisema Ndahafa.

"Kabisa?"

"Kabisa. Gari lako liko uani. Funguo hizi hapa."

"Harusi ilikuwa Jumamosi," alisema, si kwa malalamiko, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka leo ni siku gani. "Watakuwa walikaa kwenye magogo."

Rauna alikuwa amesimama karibu na nguzo, kofia mkononi. Alikuwa amepanga maneno njiani. Ndahafa alimsikia akiyarudiarudia garini. Lakini Fillemon ndiye aliyemsogelea kwanza.

"Dada, niulize kitu. Nisikasirikiwe."

"Uliza."

"Siku zote hizi kila mtu ananiambia mia na arobaini na sita. Nikilala naiona. Nikaanza kusema labda ni kweli, labda gari lilikimbia mimi sijui, labda nilimgonga bibi na nimesahau." Alihamishia mfuko mkono wa pili. "Sasa mmesema ile si yangu. Basi yangu ilikuwa ngapi?"

Rauna alimtazama Ndahafa, lakini hilo halikuwa swali la Inspekta. Akajibu mwenyewe.

"Sijui, kaka. Wewe sikukupima."

"Kabisa?"

"Kabisa. Nisamehe."

Fillemon aliitikia polepole. Akaketi kwenye ngazi za mahakama, katikati kabisa, watu wakimpitia kulia na kushoto, akatoa kamba za viatu kwenye mfuko. Akaanza kuziingiza. Akakosea tundu, akazitoa zote, akaanza upya.